Mwaka wa Zulia la Nailoni

Kwenye matanga ya Akello, mwezi uliopita, Bwana Lubwama alipewa kipaza sauti. Sikumwalika mimi, wala sijui nani alimwalika. Amenenepa, kichwa chote mvi, na alipopita katikati ya viti vya plastiki chini ya mahema, watu walimwinukia kama wanavyomwinukia mtu mwenye dereva. Akasema, "Marehemu alikuwa binti yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi, mkono kwa mkono. Katika karakana yangu tulikuwa familia moja." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mbele yangu akajifuta macho kwa upindo wa leso. Nilisimama nikainua mkono. Mwendesha shughuli akanitazama, akatazama saa yake, akaniambia kwa ule upole unaoudhi kuliko tusi, "Nnyabo, mama, muda umekwisha, mchungaji ameshafika." Nikaketi. Sijui niliketije. Mimi ni mwanamke mzima, nina wajukuu, nina dawa za presha ndani ya mkoba, na bado niliketi kama yule msichana ambaye mtu huyohuyo alimfukuza langoni kwake. Haya ninayoandika ndiyo niliyotaka kuyasema pale. Sasa nitayasema polepole, na hakuna atakayenitazamia saa.

Jina langu Mastula. Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi juzijuzi, nikapata kazi katika karakana ya Bwana Lubwama, upande wa viwanda, chini ya flati za Bugolobi, Kampala. Tulitengeneza bodi, zile sahani za kijani zilizojaa chipu na nyuzi za shaba ambazo ndizo akili ya kila mashine: mizani, redio, mitambo ya kusaga, vipimo vya hospitali. Chumba chetu kilikuwa cha nyuma, sakafu ya saruji, dirisha moja lililotazama ukuta wa ghala la sabuni. Harufu ya sabuni ilichanganyika na moshi wa risasi ya kulehemu, na mpaka leo nikifua nguo za wajukuu, pua yangu hutafuta ule moshi. Tulikuwa watatu. Papa Ilunga, Mkongomani wa makamo aliyekuja Kampala na wanawe na karatasi ya ukimbizi, mimi, na Akello, mkuu wetu, ambaye alinizidi umri kidogo na kunizidi kila kitu kingine. Akello alizaliwa katika kambi ya polisi, binti wa konstebo kutoka kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha amri. Cha Ilunga kilikuwa cha Kongo. Changu kilikuwa cha nyumbani kwetu, sisi Wanubi tunaokizungumza tangu tukiwa migongoni. Bwana Lubwama alikijifunza kwa wateja wa Kenya, na mdomoni mwake l na r zilibadilishana viti. Tulielewana vizuri kabisa. Hilo naliweka wazi mapema, kwa sababu baadaye alisema mahali fulani kwamba palitokea kutoelewana.

Siku yangu ya kwanza Akello alinizuia mlangoni kwa mkono. "Hiyo kitambaa ya kichwa, utatoa," alisema. Damu ikanipanda. Nilikuwa nimeshasikia maneno ya namna hiyo katika ofisi mbili kabla ya hapo, na nilikuwa nimeapa kwamba ya tatu sitayameza. "Dada, mimi ni Mwislamu. Kichwa changu hakivuliwi na mtu." Akanitazama kama nimemjibu swali ambalo hakuuliza. "Nani amesema usifunike? Mimi nasema hiyo. Hiyo ni nailoni." Akaniingiza kwenye chumba kidogo cha stoo, akavuta mlango giza likajaa, akaniambia nivue kitambaa haraka na kukirudisha haraka. Kikalia, tatata, kama ukoko unaobanduka sufuriani, na vimwako vidogo vya buluu vikapita mbele ya macho yangu. "Umeona? Hiyo ni umeme tuli. Unatengeneza wewe mwenyewe, ukitembea, ukikaa, ukivuta sweta. Hii kubwa unaona na unasikia. Ndogo huoni, mkono wako hausikii, lakini chipu inasikia." Kesho yake alinikabidhi kipande cha marekani nyeupe, kingo amezipinda mwenyewe kwa sindano. "Pamba. Funika mpaka machoni ukitaka." Nilianza kumpenda siku ile, na bado nilikuwa nimemnunia.

Kanuni zake zilikuwa chache na hazikuwa na likizo. Kabla ya kugusa bodi, unakaa, unafunga mkanda mkononi, na waya wa mkanda unauunganisha na mkeka wa mpira juu ya meza. Mkeka nao una waya unaoshuka ukutani, unatoka dirishani, unafika kwenye nondo ya shaba aliyoipigilia uani mwenyewe, akaizungushia makaa na chumvi ardhini. Wakati wa kiangazi aliimwagia maji kama mtu anavyomwagilia mche. Hivyo umeme wowote unaojikusanya mwilini mwako unashuka taratibu ardhini, badala ya kuruka ghafla kupitia kidole chako na kuichoma chipu. Bodi inashikwa pembeni, kamwe si katikati. Bodi haitoki mezani ila ndani ya mfuko wake wa kijivu unaong'aa, si kaveera, mfuko wa plastiki wa dukani. Chai hainywewi mezani, na hasa si katika vile vikombe vyeupe vya povu. Tulikula ngazini nyuma, matoke na mchuzi wa karanga kutoka kwa mama mmoja aliyepita na sufuria zake, na hapo ndipo Papa Ilunga alipokuwa akimchokoza. "Akello, miye nilitengeneza maredio Lubumbashi miaka mingi, sikuvaa hii mukanda hata siku moja." Akello akaendelea kutafuna. "Na redio zilikuwa zinarudi?" "Zilirudi, banaa. Zilirudi sana." "Mlisema nini?" Ilunga akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Tulisema ni uchawi." Nikikumbuka furaha ya mwaka ule, nakumbuka ngazi zile. Mtu mwenye hasira husahauliwa kwamba alikuwa na furaha kwanza. Hasira yangu haikutoka hewani. Ilitoka kwenye kitu kizuri kilichovunjwa mbele yangu na mtu aliyejua kwamba anakivunja.

Katikati ya mwaka Bwana Lubwama alipata kandarasi. Hospitali nyingi za mikoani zilikuwa na mashine za kuwapasha joto watoto njiti, misaada ya zamani, vioo vizima, vitanda vizima, lakini akili imekufa. Sisi tujenge bodi mpya za kuongoza joto, zifungwe, mashine zifufuke. Nilirudi nyumbani Makindye siku hiyo nikajisikia nimekuwa mtu. Bwana Lubwama naye alijisikia amekuwa mtu, lakini kwa namna yake. Alisema wageni watakuja kuona kazi, na wageni hawawezi kuoneshwa chumba cha nyuma chenye harufu ya sabuni. Akatuhamishia chumba cha mbele. Akanunua sokoni Kikuubo zulia la nailoni, kijani kibichi, likatandikwa ukuta hadi ukuta. Akaweka viti vya kuzunguka vyenye mito ya plastiki. Akafunga kiyoyozi, na kikawa kinaunguruma kutwa kikikausha hewa mpaka midomo yetu ikapasuka. Kama ungempa mtu kazi ya kubuni chumba cha kuulia chipu, asingebuni kizuri zaidi. Akello alilitazama zulia lile kutoka mlangoni, akavua viatu, akatembea hatua chache, akagusa kitasa cha chuma. Cheche ikaruka tukaisikia sote. Alichukua waya mrefu, akauvuta kutoka nyuma hadi mbele kando ya ukuta, akaunganisha mikeka yetu yote na nondo yake ya uani, akaongeza mkeka mwingine wa mpira chini ya miguu yetu. Mambo yakaenda. Nasisitiza: hata katika chumba kile, na zulia lile, mambo yalienda.

Ofisi ya Bwana Lubwama ilitengwa na chumba chetu kwa ukuta wa plaiwudi, na plaiwudi haina siri. Mchana mmoja wageni walipita, wanaume wa tai, wakatutazama tukilehemu, wakaingia ofisini. Tukasikia mmoja akicheka. "Lubwama, ssebo, mbona wasichana wako umewafunga minyororo? Wanatoroka?" Wengine wakacheka. Bosi wetu naye akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta pa kuficha uso. "Ah, hiyo ni ushamba ya yule Akello. Tunaondoa." Nilimtazama Akello. Alikuwa ameinamia bodi, na chuma cha kulehemu hakikuyumba. Asubuhi iliyofuata tulikuta mikanda yote ndani ya boksi, mikeka imekunjwa, waya umeng'olewa ukutani. Uani vibarua walikuwa wakipanga matofali ya sakafu kwa ajili ya maegesho ya magari ya wageni, na nondo ya shaba ilikuwa imekatwa sawasawa na ardhi. Kicheko kimoja. Nimefikiri sana juu ya hilo. Hakufanya kwa kukosa fedha, wala hakufanya kwa kutojua. Alisomea uhandisi, alikuwa na vitabu vinavyosema yaleyale aliyosema Akello. Alifanya kwa sababu mwanamume mwenzake alicheka.

Akello aliingia ofisini bila kubisha, na plaiwudi ikatuletea kila kitu. "Bosi, rudisha mikanda." "Akello, hii ni Kampala. Hewa yetu ina maji. Hiyo umeme yenu ya vitabu iko Ulaya, kwa baridi." "Hewa ina maji huko nje. Humu ndani umefunga kiyoyozi. Gusa kitasa chako, utaniambia." "Nimegusa. Sikufa." "Wewe hutakufa. Chipu itakufa." Kisha sauti ya bosi, ikiwa na subira ya mtu anayezungumza na mtoto: "Si kila bodi mnapima? Ile mbovu itaonekana kwenye kipimo. Mnatoa, mnaweka nyingine." Na Akello, polepole, neno kwa neno: "Haiko hivyo. Zingine zinakufa palepale, hizo utaona. Zingine zinaumia tu. Zinapita kipimo. Zinafanya kazi wiki, mwezi, halafu zinazima. Zitazima na mtoto akiwa ndani." "Umemaliza?" "Sijamaliza." "Mimi nimemaliza."

Alijaribu na nje ya ukuta ule. Alipiga simu kwenye ofisi iliyotoa kandarasi, nikiwa nimesimama karibu naye ngazini. Mtu wa upande wa pili alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba wao wanashughulika na kampuni, hawashughuliki na mafundi, na kama ana malalamiko ya kazi ampelekee mwajiri wake. Tukarudi kwenye zulia. Akello alitufundisha kufanya lile lililowezekana: kukaa karibu na bodi, kugusa mguu wa chuma wa meza kila mara, kutotembeza viti, kumwaga maji sakafuni asubuhi kabla bosi hajafika mpaka zulia likaanza kunuka na tukakatazwa. Mguu wa meza haukushika ardhi yoyote, ulisimama juu ya nailoni kama sisi. Tulijua, tukagusa hivyo hivyo, kama mtu anayeshika tasbihi. Nilikuwa nikishika bodi pembeni na kusikia kale kacheche kadogo ka umeme kanatoka kwenye ncha ya kidole, nikafumba macho. Tukaipima. Ikapita. Zote zilipita. Bwana Lubwama alizitazama zikipakiwa kwenye gari, akaja akasimama mbele ya Akello akipiga makofi polepole. "Zimekufa ngapi, Akello? Nioneshe maiti."

Simu ya kwanza ilikuja mvua za mwisho wa mwaka zilipokuwa zimeanza, kutoka hospitali moja ya kaskazini. Kwenye kila bodi, kabla haijapakiwa, Akello alikuwa amebandika namba yake mwenyewe, kwa kuwa ya kampuni haikupokelewa kamwe. Tulikuwa ngazini tukila. Nilisikia sauti ya mwanamke, kali, ikitoka kwenye simu mpaka kwangu: muuguzi wa wodi ya watoto njiti. Mashine ilizima alfajiri bila kupiga kengele, joto likashuka, na yeye alikuwa peke yake na wodi nzima. Alipogundua aliwatoa watoto akawalaza vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, akawafunika mablanketi. Mmoja hakupona. Akello aliuliza jina la mtoto. Muuguzi akamwambia kwamba alikuwa hajapewa jina bado. Papa Ilunga alivua kofia yake. Kisha zikaja simu nyingine, hospitali nyingine, na kwingine Mungu alisaidia, wakawahi.

Sikilizeni sasa jinsi mtu mwenye akili anavyoweza kuitumia. Bwana Lubwama hakukana kwamba bodi zimekufa. Alikaa na wale wenye kandarasi nyuma ya plaiwudi, na nikamsikia akisema, kwa huzuni kabisa, "Waungwana, ninaye fundi mmoja aliyekuwa akitabiri jambo hili tangu mwanzo. Kila siku: zitazima, zitazima. Nawauliza swali moja tu. Alijuaje zitakufa, kama si yeye aliyeziua?" Nimeishi muda mrefu na nimesikia uwongo mwingi, mwingine wa kitoto, mwingine wa kisiasa. Sijasikia mwingine uliochukua ukweli wa mtu, ukaunoa, ukamchoma nao mwenyewe namna hiyo. Polisi walikuja mchana. Akello aliweka sahani chini, akanawa mikono kwa maji ya jagi, akamwuliza askari, kwa kile Kiswahili chake cha kambini, "Afande, tunaenda kituo gani?" Kikawa kituo kilekile alichokuwa akipelekewa chakula baba yake, na yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea. Wakamweka mahabusu kwa kuhujumu.

Tukaitwa, Ilunga na mimi, mmoja mmoja. Karatasi ilikuwa imeshachapwa: kwamba tulimwona Akello akizichezea bodi baada ya vipimo, kwamba alikuwa na kinyongo na uongozi. Ilikuwa imebaki sahihi tu. Papa Ilunga alitoka ofisini akiwa na uso wa majivu, akapita bila kunitazama. Baadaye aliniambia kwamba bosi hakupaza sauti hata mara moja. Alimwuliza tu kibali chake cha ukimbizi kinaisha lini, na wanawe wanasoma wapi. Alisaini. Nilimkasirikia Ilunga, kisha hasira ile ikahama, ikaenda inakostahili, kwa mtu aliyeuliza habari za watoto wa mwenzake kwa sauti ya upole. Ilipofika zamu yangu Bwana Lubwama alinivutia kiti. "Mastula, wewe ni binti mwenye dini. Saini, utakuwa mkuu wa karakana." Nikasema, "Bosi, mimi nilikuwa ndani ya chumba. Ulitoa mikanda wewe." "Hiyo umeelewa vibaya." "Nilielewa." "Hapa nje wasichana wenye cheti kama chako wanauza maji barabarani." Nikamwambia nitauza maji. Ningependa kuwaambieni kwamba nilisema kwa ujasiri; nilisema nikilia, makamasi yananitoka, lakini nilisema. Yeye mwenyewe alinishika mkono wa gauni akanitoa mpaka langoni, juu ya yale matofali mapya, mbele ya walinzi, akafunga lango.

Akello hakutolewa na ukweli wangu. Hakuna aliyenisikiliza; nilisimama kituoni asubuhi nyingi nikiambiwa nirudi mchana, na mchana nikiambiwa nirudi asubuhi. Alitolewa kwa sababu wenye kandarasi walituma baadhi ya bodi nje ya nchi, zikafunguliwa chipu zake chini ya hadubini, na yakaonekana matundu ya kuungua, madogo kuliko unga, katika mahali ambapo hakuna mkono wa mhujumu unaoweza kufika. Umeme tuli. Siku hiyo hiyo akaambiwa aende nyumbani. Hakuna aliyesema samahani. Bwana Lubwama aliifunga kampuni, akafungua nyingine yenye jina jingine mtaa wa pili, na ofisi ileile ya kandarasi ikampa kazi nyingine. Watu huniuliza kwa nini bado nina hasira. Wananiambia hasira ni sumu, kunywa maji, samehe, Mungu yupo. Najua kwamba yupo. Lakini hakuna hata siku moja ambapo mtu yeyote alimwita Lubwama, akamketisha, akamwuliza: ulitoa mikanda kwa nini? Mimi na Akello tulifungua meza yetu wenyewe Makindye, tukafanya kazi pamoja mpaka figo zake zilipomshinda, na katika miaka yote hiyo nilikuwa nikilingoja swali hilo liulizwe. Badala yake, nimesikia makofi.

Lakini mwaka wenyewe ulimalizikia mahali pengine. Akello alipotoka mahabusu alikuja kwangu, amekonda, nywele amenyoa. Hakutaka pole. Alitaka meza. Tukapigilia nondo nyuma ya jiko, tukaifungia waya, tukajenga bodi upya juu ya meza yangu ya kulia chakula, sakafu nikiiacha na unyevu, madirisha wazi. Kisha akasema, "Twende," tukapanda basi la kaskazini. Muuguzi aliyetupokea, yuleyule wa simu ya kwanza, alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho mekundu ya kukesha, Sista Adong. Alitusimamia tukiifungua mashine, mikono kifuani. Nilifunga mkanda wangu, nikaunganisha waya na bomba la maji la chuma, na yeye akauliza hicho ni nini. Akello akamweleza. Sista akaishusha mikono yake. "Kwa hiyo mlikuwa mnajua," alisema. "Tulijua," Akello akajibu. "Mlimwambia nani?" "Bosi. Na ofisi yao." "Na mimi? Mimi niliyekuwa hapa na watoto?" Akello hakutafuta neno la kujikinga. "Sista, wewe hatukukujua. Wao walikujua." Sista Adong akageuka akatazama dirishani, nikaona taya zake zikikaza. Kisha akasema kwamba mama wa yule mtoto anakaa karibu, nyuma ya soko, na kwamba aliambiwa mwanawe alikuwa mdogo mno, hakuwa na nguvu. "Hivyo ndivyo nilivyoelekezwa niseme. Nikasema. Nyinyi mkitaka, nendeni mkaseme jingine."

Tulikwenda sisi sote watatu. Tulimkuta ameketi kwenye mkeka kivulini mwa nyumba yake, akipepeta simsim kwenye ungo, mwanamke mdogo kuliko mimi wa wakati ule. Alitutolea maji kwanza, kama inavyopasa. Njiani Akello alikuwa ameniambia atakachosema: kwamba hakuna ajuaye kama mtoto angeishi, na kwamba yeye hatadai kujua, lakini mashine haikupaswa kuzima, na ilizima kwa sababu inayojulikana, na mtu aliyeambiwa mapema alikataa kusikia. Alizungumza kwa lugha yao. Sikuelewa hata neno. Niliutazama ungo. Ulikwenda juu na chini, juu na chini, makapi yakipeperuka, kisha ukapungua mwendo, kisha ukatua magotini. Akello aliendelea, sauti ile ile, bila kuinamisha macho. Alipomaliza, mama yule hakulia, na hakupiga kelele. Aliuliza kitu kifupi. Akello akajibu, na katika lugha yote ile nisiyoijua nikatambua neno moja: Lubwama. Mama akalisema. Halikutoka sawa. Akello akalitamka tena, akiligawa vipande, na yule mama akamfuata, kipande kwa kipande, macho yake yakiwa kwenye midomo ya Akello. Akalirudia. Akalirudia tena peke yake, polepole, mpaka likawa mdomoni mwake kamili kama jina la mtu anayemfahamu.